Mvua ya Bara, Mavuno ya Idsowe

Katika madarasa yetu mwanafunzi hufunzwa kwamba mvua ni neema na ukame ni balaa. Somo hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ukilipeleka Idsowe, kijiji cha wakulima kando ya mto Tana karibu na mji wa Garsen, utapata taabu kulitetea. Huko mvua nyingi imewahi kuwaacha watu bila chakula sawa na ukame ulivyowaacha, na papo hapo mwaka ambao mto haukufurika kabisa huhesabiwa kuwa mwaka wa njaa. Mkulima wa huko anaogopa maji na kuyaomba kwa wakati mmoja.

Nalileta jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu kila msimu wa masika unapokuwa mkali twasikia maneno yale yale: mto umevunja kingo, watu wamehama, unga na blanketi vinahitajika. Maji yakishuka, habari nazo hushuka. Hatuulizi ni zao gani lililokufa, lilikufa likiwa na umri gani, na kwa nini la jirani yake lilipona. Nionavyo mimi, majibu ya maswali hayo matatu yana faida kubwa kuliko hotuba zote zinazotolewa juu ya magunia ya misaada.

Tuanze na mahali penyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita nchi kavu ya Garissa na Hola, kisha hutawanyika katika delta chini ya Garsen kabla ya kuingia Bahari Hindi huko Kipini. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hupata mvua inayopita milimita 1,800 kwa mwaka katika sehemu zake zenye neema. Sehemu kubwa ya Tana River haipati hata nusu ya hiyo. Maana yake ni kwamba mvua inayolisha shamba la Idsowe kwa kiasi kikubwa hainyeshi Idsowe. Hunyesha Embu, Meru na Nyeri, ikashuka na mto kwa siku kadhaa, ikafika delta huku anga ya Garsen ikiwa nyeupe na jua likiwaka. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa Idsowe methali hiyo haitoshi, kwa kuwa mawingu yanayomhusu yako mbali na macho yake.

Wapokomo, ambao ndio wakulima wa kingo hizi kwa vizazi vingi, walijenga kilimo chao juu ya hali hiyo. Mto hufurika mara mbili kwa mwaka: kati ya Aprili na Juni, na tena mwezi wa Novemba na Desemba. Mpunga hupandwa mabondeni kwa matarajio kwamba maji yatapanda polepole na mmea utapanda pamoja nayo. Mahindi, kunde na pojo hufuata maji yanaporudi nyuma, yakikulia katika unyevu uliobaki ardhini. Migomba na miembe huwekwa kwenye kingo zilizoinuka, ambako maji hayafiki isipokuwa katika miaka mikubwa. Mto nao huacha tope jipya lenye rutuba, na hiyo ndiyo mbolea ya mtu asiye na fedha za kununua mbolea ya dukani. Kwa hiyo mafuriko hapa si ajali. Ni sehemu ya kazi, kama jembe lilivyo.

Ikiwa ni hivyo, hasara hutoka wapi? Hutoka katika wakati, kina na muda wa maji, wala si katika wingi wa mvua peke yake. Hebu tufuate mmea tangu mbegu hadi ghala.

Mbegu inahitaji unyevu ili iote, lakini inahitaji hewa pia. Udongo ukijaa maji hadi nafasi zote kati ya chembe zake zimezibwa, oksijeni hutoweka na mbegu huoza kabla ya kuchomoza. Mkulima hulazimika kupanda mara ya pili, na ikiwa mbegu yake ilikuwa ile aliyoiweka kutoka mavuno yaliyopita, huenda hana ya pili. Mche mchanga wa mahindi, ambao kikonyo chake cha kukulia bado kiko chini ya ardhi, hauvumilii kufunikwa na maji zaidi ya siku mbili hadi nne. Na katika joto kama la Garsen muda huo hupungua. Mahindi yaliyokwisha kurefuka huweza kusimama, ila mizizi yake hudhoofika na majani hugeuka manjano, kwani maji yanayotuama huiondoa naitrojeni ardhini. Mkulima huona mmea uko hai akatumaini, kumbe gunzi litakalotoka halitajaa punje.

Mpunga ni jamaa mwingine. Ndani ya shina lake mna njia zinazopeleka hewa hadi mizizini, na ndiyo maana husitawi pale mahindi yanapokufa. Hata hivyo nao una mpaka. Mpunga wa kawaida uliozama wote, hata ncha za majani zisionekane, hufa baada ya wiki moja hivi. Huko Ufilipino, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ilichukua sifa ya mbegu moja ya kale ya India na kuitia katika mbegu zinazopendwa na wakulima, na mnamo mwaka 2009 India ikaanza kutoa mpunga unaoweza kukaa chini ya maji kwa takriban majuma mawili na kuchipua tena. Tofauti ya wiki moja yaweza kuonekana ndogo kwa mtu wa mjini. Kwa mwenye shamba ni tofauti ya kula na kulala na njaa.

Tukifika wakati wa kuvuna, mvua hubadilika kuwa adui wa aina nyingine. Mahindi yaliyokomaa yakinyeshewa huota ukungu, na mengine huchipua yakiwa bado kwenye gunzi. Mwembe unaochanua katika unyevu mwingi hushambuliwa na kuvu inayoyaunguza maua na kuyatia madoa matunda. Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Nafaka iliyowekwa ikiwa mbichi hukuza kuvu wanaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wagonjwa waliotambuliwa walikuwa 317. Mahindi yao hayakukosekana. Yaliwekwa yakiwa na unyevu. Nafaka salama inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu, na msimu wa mvua ndio mgumu kupita yote kulifikia jambo hilo kwa kutegemea jua pekee.

Sasa tuangalie miaka ya karibuni. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa za Kenya kavu. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2023, El Nino ilikuja pamoja na hali ambayo maji ya magharibi ya Bahari Hindi hupata joto kuliko yale ya mashariki, na mvua ikamwagika. Novemba mwaka huo barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu ilikatwa na maji. Kabla watu hawajatulia, masika ya 2024 yakaleta mafuriko mengine. Wazee watakumbuka kwamba hata mafuriko makuu ya mwishoni mwa 1961 yalitanguliwa na ukame. Na yale ya El Nino ya 1997 na 1998, pamoja na ya Aprili na Mei 2018, bado yako katika kumbukumbu za walio wengi. Mtu aliyepoteza mifugo na akiba katika ukame hukutana na mafuriko akiwa mtupu. Balaa la pili humkuta hana hata mbegu.

Juu ya maumbile pana mkono wa mwanadamu. Katika mto huu yamejengwa mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Taifa zima limefaidika na umeme huo, nami sisemi yavunjwe. Lakini ni lazima ieleweke kwamba mabwawa hupunguza mafuriko ya kawaida ambayo mkulima anayahitaji, na huzuia sehemu ya tope lenye rutuba. Kwa upande mwingine, mwaka wa mvua kubwa yakijaa hayana budi kumwaga, na maji hushuka juu ya mto uliokwisha kujaa. Hivyo mkulima wa delta hupunguziwa neema katika mwaka mdogo na huachiwa balaa katika mwaka mkubwa. Mpango wa bwawa jingine kubwa la High Grand Falls umezungumzwa kwa miaka mingi. Yeyote atakayeujenga anapaswa kuulizwa kwanza: maji yatafunguliwa mwezi gani, kwa siku ngapi, na ni nani ataarifiwa?

Wapo wasemao kwamba dawa ni moja tu: watu wa mabondeni wahamie sehemu za juu. Siwadharau wasemao hivyo, kwa kuwa roho ni bora kuliko shamba, na nyumba ya kulala haina sababu ya kukaa penye njia ya maji. Ila kuhamisha nyumba na kuhamisha shamba ni mambo mawili. Ardhi ya juu ni kavu na mvua yake haitoshi. Kumwambia Mpokomo aache bonde ni sawa na kumwambia mvuvi aache bahari kwa kuwa ina mawimbi. Tena huko juu si nchi isiyo na wenyewe. Waorma na Wawardei hulisha mifugo yao huko, na wakati wa kiangazi hushuka mtoni kupitia njia za malka. Kalenda ya maji ikivurugika, mkulima na mfugaji hukutana mahali pamoja kwa wakati usiofaa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa ndani yake.

Wapo pia waliotaka kuufunga mto kwa tuta na mfereji. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa katika miaka ya 1950; mwaka 1989 mto ukabadili njia yake, pampu zikabaki bila maji na mradi ukaanguka kwa miaka mingi. Mradi wa mpunga wa delta, chini ya mamlaka ya TARDA, ulivunjiwa kingo zake na El Nino ya 1997 na 1998. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Tana haukuapa kukaa mahali pamoja.

Basi lifanyike lipi? Mimi naona mambo manne, wala hayahitaji mabilioni. La kwanza, utabiri ufike shambani kwa lugha ya shamba. Mkulima akiambiwa kwamba mvua itakuwa juu ya wastani, hajaambiwa kitu. Aambiwe maji yatafika Garsen lini, yapande kiasi gani na yakae siku ngapi. Na kila bwawa linapokaribia kumwaga, habari imfikie chifu na msikiti, kanisa na shule, kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili. La pili, pawe na akiba ya mbegu za muda mfupi hapo hapo delta, ili maji yakishuka, upandaji uanze juma lile lile kabla unyevu haujapotea. Misaada ya unga inayofika bila mbegu hurefusha njaa kwa msimu mzima. La tatu, turubai za kuanikia na maghala yaliyoinuliwa yawe ya ushirika, kwa sababu mahindi yaliyookolewa majini yasije yakaua watu ghalani. La nne, mafunguo ya mabwawa yapangwe kwa kuzingatia kalenda ya kilimo na ya malisho, wazee wa Gasa na wazee wa wafugaji wakiwa mezani.

Nasi walimu na wanafunzi tunalo fungu letu. Kipimo cha mvua hakihitaji maabara, na nguzo yenye alama kando ya mto yaweza kusomwa na mtoto wa darasa la tano. Shule za kando ya Tana zikiandika kila siku kina cha mto, tarehe ya kupanda, tarehe maji yalipofika shambani na zao lililopona, baada ya miaka kumi zitakuwa na kitabu ambacho hakuna mtaalamu wa Nairobi aliye nacho. Watoto hao watajua kwamba neema na balaa zaweza kutoka katika wingu moja, na kwamba kinachozitenganisha ni siku chache tu. Siku hizo chache ndizo tunazopaswa kuwadai wenye mabwawa, wenye utabiri na wenye mamlaka, kabla ya masika mengine kuingia.