Futeni Nilichowaambia Kuhusu "Ro'i"



Jumapili tatu zilizopita nilihubiri Zaburi 23, na mlipiga makofi niliposema kwamba "kwa Kiebrania" mchungaji na mwenye kuona ni neno moja. Nikawaambia mgeukie jirani mseme, "Mchungaji wangu ananiona." Kipande hicho cha video kimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko mahubiri yangu mengine yote ya mwaka huu. Nilichosema si kweli. Kosa nililifanya hadharani, kwa hiyo nalirekebisha hadharani.

Tangu Januari nimekuwa nikijifunza Kiebrania kwa kozi ya kusikiliza kwenye simu. Nusu saa kila siku, waya masikioni, mara nyingi nikiwa ndani ya matatu. Mwalimu anasema, anakuachia nafasi, unajibu, na neno linarudi tena baada ya dakika chache, halafu tena kesho yake. (Kuna makanga amenizoea sasa. Zamani nikisema "slicha", yaani samahani, alidhani nataka kushuka.) Chuo cha Biblia nilifundishwa herufi, nikafaulu mtihani, nikazisahau kabla ya mahafali. Kwa hiyo kuusikia ulimi wangu mwenyewe ukitamka lugha ya Isaya kulinipa furaha, na nakiri, kiburi kidogo pia.

Katika somo moja nikajifunza "ani ro'e", naona. Wiki hiyo hiyo nikasikiliza Zaburi 23 ikisomwa kwa Kiebrania, nikasikia "Adonai ro'i". Nikasema, haleluya, nimepata! Sikufungua Biblia ya Kiebrania nitazame. Nilifungua daftari la mahubiri.

Sasa sikilizeni. Neno la Daudi la kuchunga lina herufi iitwayo ayin. Neno la Hajiri katika Mwanzo 16, alipomwita Mungu "El Ro'i", Mungu anionaye, lina alef. Ni mizizi miwili tofauti kabisa. Zamani ayin ilitoka kooni, kama ain ya Kiarabu ambayo majirani zetu wa Mombasa na Lamu waliosoma madrasa wanaijua vizuri. Lakini Waisraeli wengi wa leo hawaitamki hivyo tena, wanaisema kama alef tu. Kwa hiyo ukijifunza kwa masikio peke yake, "mchungaji" na "anaona" yote ni ro'e. Jicho lingeniokoa kwa sekunde mbili.

Na la kuniaibisha zaidi, Kiswahili kingeweza kuniokoa pia. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na sisi tumekopa kwa Kiarabu maneno yote mawili bila kujua. "Rai", ile ya kutoa rai yako, inatoka kwenye neno la kuona. "Raia" linatoka kwenye neno la kundi linalochungwa. Hakuna Mkenya anayechanganya rai na raia. Mimi ndiye niliyechanganya, nikiwa na maikrofoni mkononi.

Kozi haikunidanganya. Inafundisha Kiebrania kinachozungumzwa leo, kile ambacho Eliezer Ben-Yehuda alianza kukipigania alipohamia Yerusalemu mwaka 1881, akamlea mwanawe aliyezaliwa 1882 asikie nyumbani Kiebrania tu. Ni lugha ya kuulizia njia na kuagiza chai. Musa hakuandika hivyo. Masimulizi ya Mwanzo yanakwenda kwa "wayomer", akasema, "wayelekh", akaenda, na umbo hilo hulisikii sokoni Tel Aviv. Sisi tunalo kila siku: akasema, akaenda, akaketi. Ile "-ka-" ya Kiswahili inafanya karibu kazi ile ile. Ndiyo maana nasema Biblia zetu za Kiswahili si za kuonea haya. Ile ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wenu mnayo, imetenganisha mchungaji wa Daudi na mwonaji wa Hajiri bila shida yoyote. Mliishika mikononi ikiwa sahihi, mimi nikasimama mbele yenu nikaisahihisha kwa makosa.

Dada mmoja wa kanisa letu, ameniruhusu niseme haya, anafanya kazi katika nyumba za watu. Baada ya ibada ile aliniletea Biblia yake. Pembeni mwa Zaburi 23 alikuwa ameandika kwa kalamu: Ro'i, ananiona. Akaniambia, "Pastor, hapo nimepata la kushika." Nilipogundua kosa langu, huyo ndiye niliyemfikiria kwanza. Nikampigia. Tukafungua Mwanzo 16 pamoja kwenye simu. Hajiri, mjakazi, mjamzito, mgeni, amekimbia mateso ya Sarai, yuko jangwani kando ya chemchemi. Ndiye mtu wa kwanza katika Biblia tunayesoma kwamba alimpa Mungu jina. Si mfalme, si nabii. Na mahubiri yangu yalikuwa yamemnyang'anya neno lake nikampa Daudi, ambaye hakuwa na upungufu. Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe lilikuwa letu."

Siku hizi madhabahuni "kwa Kiebrania" imekuwa kama mhuri wa serikali: ukigongwa, hakuna wa kuuliza. Mhubiri anajua hamwezi kuangalia, nanyi mnajua yeye anajua mengi, basi inapita. Mimi nasema muulizeni. Nikiwaambia neno fulani maana yake ni hii, nijieni baada ya ibada mniambie niwaonyeshe herufi. Nikishindwa, msiliandike kwenye Biblia zenu.

Kozi siachi. Niko somo la arobaini na kitu, na nimenunua kitabu cha herufi. Alhamisi baada ya maombi ya jioni nitakaa na yeyote anayetaka. Herufi ni 22, tutaanza na alef na ayin. Mje na daftari na penseli. Na wale mlioandika "ananiona" pembeni mwa Zaburi 23, pigeni mstari, mlihamishie Mwanzo 16:13.

Mbarikiwe.