Kinyongo Si Hasira

Je, mpenzi msomaji, mtu aliyenuna na mtu mwenye kinyongo ni yule yule? Wengi huyachanganya maneno haya, hata sisi waandishi.

Aliyenuna utamjua kwa uso: amevimba, na salamu haitikii. Anayenung'unika utamsikia, tena huenda jirani naye akamsikia. Kinyongo hukaa moyoni. Ni kule kutoridhika na jambo ulilotendewa, ukalimeza badala ya kulisema. Mwenye kinyongo aweza kucheka nawe mezani na kukuongezea chai.

Tuseme binti mkubwa aliachishwa shule akiwa kidato cha 2 ili karo imtoshe ndugu yake mdogo. Hakulia wala hakuuliza. Miaka 10 baadaye kijana anahitimu chuo kikuu, na dada ndiye anayewapikia wageni chapati jikoni. Kijana akisema, "Dada ana hasira nami", amekosea neno, kwa kuwa hasira hupanda ikashuka. Akisema, "Dada ananichukia", amekosea zaidi. Dada anampenda, ila ule uamuzi wa wazazi haujamtoka moyoni hadi leo. Hicho ndicho kinyongo.

Neno hili limo katika ngeli ya KI-VI: kinyongo changu, kinyongo chake. Husemwa kuwa na kinyongo, au kuweka kinyongo. Wanafunzi, msiandike "nina nyongo naye". Nyongo ni yale maji machungu ambayo mchinjaji huyaondoa kwa uangalifu yasije yakaharibu maini. (Mambo nayo hutumbukia nyongo, yaani huharibika, lakini huo ni msemo mwingine.)

Yapo pia matumizi yanayopendeza zaidi: bila kinyongo. "Shangazi alinikopesha bila kinyongo" maana yake alitoa kwa moyo mweupe, hakusukumwa wala hakujuta. Hapa anayetazamwa ni mtoaji, si aliyekosewa.

Nisilolipenda ni lile "usiwe na kinyongo" tunalolitamka upesi upesi, hasa sisi wazazi. Ukimwambia hivyo yule binti kabla ya kumsikiliza, umemwomba aendelee kumeza. Afadhali aulizwe: "Mwanangu, una kinyongo nami?" Kisha mzazi avute kigoda kule kule jikoni, maana huenda jibu likawa refu kuliko chapati zilizobaki.