Ridhaa ya Mpiga Sello: Upande wa Pili wa Wayne Booth

Wanafunzi wa nadharia ya fasihi katika vyuo vikuu vya Kenya humjua Wayne C. Booth kwa kitabu kimoja, na pengine kwa sura mbili tatu tu za kitabu hicho. The Rhetoric of Fiction, kilichotoka mwaka wa 1961, ndicho kilichowapa wahakiki dhana ya mwandishi anayedokezwa na matini yenyewe, pamoja na ile ya msimulizi asiyeaminika. Ni nadra kupata tasnifu inayoshughulikia usimulizi isiyomtaja Booth, japo kwa kupita. Wanaomtaja hivyo aghalabu hawana habari kwamba mhakiki huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1921, akalelewa Utah nchini Marekani na baadaye kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipiga sello kwa zaidi ya miaka arobaini. Wala hawajui kwamba, kwa kipimo cha mabingwa, hakupata kuipiga vizuri.

Alianza masomo ya sello mwaka wa 1952, akiwa na umri wa miaka 31, mtu mwenye kazi na mwenye jamaa. Kwa chombo hiki, huo ni umri wa kuchelewa. Watoto wanaotarajiwa kuwa mabingwa hupewa sello ndogo wakiwa na miaka mitano au sita, kabla vidole havijakomaa. Sello hukaa katikati ya magoti ya mpigaji, ikisimamia mwiba wa chuma unaochomoza chini yake. Ina nyuzi nne tu, lakini shingo yake, kama ya udi, haina vile vyuma vinavyomwelekeza mpiga gitaa mahali pa kubana. Kidole kikikosea kwa upana wa unywele, sauti imepotoka na kila aliye chumbani amesikia. Mkono wa kulia nao una mtihani wake: kuuvuta upinde wa nywele za mkia wa farasi bila kuukandamiza hata uzi ukakoroma, wala kuulegeza hata uzi ukanong'ona. Mtoto huyajifunza hayo kama anavyojifunza kutembea. Mtu mzima huyajifunza huku akijitazama anavyojifunza, na hapo ndipo penye uchungu.

Mwaka wa 1999, akiwa amekwisha kustaafu, Booth alichapisha kitabu kuhusu maisha yake na sello, For the Love of It: Amateuring and Its Rivals. Si kitabu cha kujisifu. Anaikiri mipaka ya vidole vyake, anasimulia mazoezi na jioni za kupiga muziki nyumbani pamoja na mkewe, ambaye alipiga fidla, na marafiki zao. Kisha anauliza swali ambalo mhakiki hangeweza kulikwepa: kuna thamani gani katika jambo ambalo mtu hulifanya kwa bidii ilhali anajua kwamba halitamlipa, halitampa sifa, na hatafikia ubora wa wale wanaolipwa kulifanya? Jibu lake ni kwamba thamani imo katika kulifanya kwenyewe. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuambiwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame atashangaa kidogo, kwa maana Booth anainama miaka nenda miaka rudi na mvunguni hamna kitu. Alichokuwa akikitafuta kilikuwa katika kule kuinama.

Hapa suala la lugha linajitokeza, na ni suala linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Neno ambalo Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, amateur, lina asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupenda. Hata hivyo, katika Kiingereza cha leo neno hilo limekuwa nusu ya tusi: kazi ya mtu kuitwa hivyo ni kazi kuitwa mbovu. Kiswahili je? Nchini Kenya mtu wa namna ya Booth angeitwa mwanagenzi, na akiwa na bahati mbaya, limbukeni. Maneno yote mawili hayamfai. Mwanagenzi yumo njiani kuelekea kwenye ufundi. Limbukeni hajui, na bado anajishaua. Booth hakuwa mwanagenzi tena baada ya miongo minne, wala hakuwa na cha kujishaulia. Lakini magazeti na redio za Tanzania zimezoea kwa muda mrefu kuzungumzia ndondi za ridhaa, zikizitofautisha na ndondi za kulipwa. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu na ukoo mmoja na radhi, kuridhia na kuridhika, lina hiari ndani yake na lina utulivu wa moyo uliokubali. Yamkini ni bora kuliko lile la Kizungu. Kupenda kwaweza kuwa moto wa mabua. Ridhaa ni uamuzi. Inasikitisha kwamba neno zuri namna hii limefungiwa ulingoni na viwanjani, wakati wapiga vyombo, watunzi na wasomaji wa ridhaa hawana jina.

Atakayesema kwamba watu wa ridhaa hawana mchango katika sanaa yenyewe, na kwamba wao ni wapambe tu wa mabingwa, ataumbuliwa na historia ya sello. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Pili wa Prussia alipiga sello kwa kujifurahisha. Mozart alipotunga vipande vitatu vya wapigaji wanne, yaani fidla mbili, viola na sello, kati ya 1789 na 1790, alikuwa akimfikiria mfalme huyo. Na sello, ambayo kwa kawaida iliachiwa kushikilia sauti za chini kama nguzo ya nyumba, ikapewa kuimba. Sonata mbili za Beethoven za mwaka wa 1796 kwa piano na sello zilitabarukiwa mfalme huyohuyo. Nikolaus Zmeskall, mtumishi wa afisi ya serikali mjini Vienna na rafiki wa Beethoven, alikuwa mpiga sello wa ridhaa. Ndiye aliyetabarukiwa kile kipande kikali cha mwaka wa 1810, Opus 95. Yadhaniwa kwamba ni yeye pia aliyekusudiwa katika utungo wa mzaha wa viola na sello, ambao Beethoven aliandika kwamba unahitaji miwani miwili, ya lazima. Tena mwaka wa 1822 Mwanamfalme Nikolai Galitzin wa Urusi, naye mpiga sello wa ridhaa, alimwomba Beethoven ampe vipande kimoja, viwili au vitatu vya wapigaji wanne. Ombi hilo ndilo lililofungua mlango wa tungo za mwisho za Beethoven, ambazo wengi huziona kuwa kilele cha muziki wa aina hiyo. (Malipo yenyewe yalicheleweshwa hata Beethoven akafa mwaka wa 1827 akiyadai, lakini hayo ni mengine.) Muziki huu haukutungwa kwanza kwa ajili ya ukumbi wenye tikiti. Ulitungwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya chumba chenye watu wanne na pengine marafiki wachache, ambamo mpigaji na msikilizaji walikuwa karibu mtu mmoja.

Ukumbi ulikuja baadaye na kumtenga msikilizaji. Kinasasauti kikamtenga zaidi. Kabla ya santuri, mwenye hamu ya kuisikia simfonia nyumbani hakuwa na njia ila kuipiga, na ndiyo sababu simfonia zilichapishwa zikiwa zimepunguzwa ili watu wawili waweze kuzipiga kwenye piano moja. Leo mtu anaweza kuzisikiliza simfonia zote tisa za Beethoven akipiga pasi nguo zake. Hakuna ubaya. Lakini kuna tofauti kati ya masikio hayo na masikio ya mpigaji wa ridhaa anapoketi ukumbini.

Chukua Opus 131, utungo ambao Beethoven aliukamilisha mwaka wa 1826. Una sehemu saba, na zote hupigwa mfululizo bila kituo, kwa muda wa dakika arobaini hivi. Msikilizaji wa kawaida husikia uzuri na huzuni. Aliyewahi kukaa na sello mapajani husikia pia jambo jingine: nyuzi hulegea kadiri zinavyopigwa, na kwa kuwa hakuna kituo, wapigaji wanne hawapati nafasi ya kustarehe na kuzikaza upya. Hulazimika kurekebisha kwa vidole, kila mmoja akimsikiliza mwenzake, hadi mwisho. Msikilizaji huyo anajua mahali ambapo yeye mwenyewe angeanguka, na mpigaji aliye jukwaani anapopavuka salama, huvuta pumzi. Kushindwa kwake kumemnunulia usikivu ambao tikiti hainunui. Ndivyo ilivyo katika ushairi. Aliyewahi kukesha akitafuta neno la mizani mbili lenye kina kinachofaa, asilipate, husoma utungo wa malenga kwa namna ambayo mwenye kuhesabu vina kwa ajili ya mtihani hawezi kuijua.

Kuna pingamizi, na halipaswi kupuuzwa. Mfalme, mwanamfalme, profesa mwenye kazi ya kudumu: je, ridhaa si anasa ya walioshiba? Sello ni ghali, mwalimu hulipwa, na jioni isiyo na kazi ya ziada si mali ya kila mtu. Pingamizi hili lina uzito mkubwa zaidi nchini Kenya, ambako mwanafunzi huulizwa na wazazi wake kila likizo kozi yake ina kazi gani. Kumhubiria mtu kama huyo kuhusu kupenda bila malipo ni kama kumsifia mwenye njaa uzuri wa funga. Tena imekuwa desturi ya waajiri wa wasanii kutumia neno mapenzi kama kisingizio cha kutolipa. Anayepiga muziki ili apate riziki anastahili riziki yake, na ridhaa ya mwingine isigeuzwe fimbo ya kumchapia.

Hata hivyo, pingamizi hilo linadhani kwamba sello ni ya Ulaya peke yake, na kwamba ridhaa ni ya matajiri. Zanzibar inakanusha yote mawili. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka wa 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka wa 1958, ni vikundi vya wanachama kabla ya kuwa bendi. Watu walikutana jioni klabuni baada ya shughuli zao za mchana, wakafanya mazoezi, na wengi wao riziki yao ilitoka kwingine. Taarab ilipoiga mtindo wa okestra kubwa za Misri, sello iliingia kikundini pamoja na besi, ikaketi kando ya udi, kanuni, nai na fidla. Ilikuwa klabu na chombo cha klabu. Asiyeweza kununua sello aliikuta pale. Hii ni hoja ambayo Booth, kwa jinsi alivyoegemea sebule ya nyumbani, hakuwa na haja ya kuitilia mkazo: kwamba ridhaa ya mtu maskini huhitaji chama. Nairobi nayo ina okestra iliyoanzishwa katika miaka ya 1940 ambayo kwa muda mrefu imewategemea wapigaji wa ridhaa, watu wanaoacha afisi jioni na kwenda mazoezini.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu viliundwa kwa mantiki hiyohiyo, ingawa havijioni hivyo. Mwanachama halipwi. Anayeghani shairi Ijumaa jioni hapewi alama. Lakini hali halisi ni kwamba mikutano hujaa wakati mitihani inapokaribia na mhadhiri anapoahidi kudokeza maswali, kisha hubaki na viti. Diwani husomwa kwa sababu imetahiniwa. Ikiondolewa kwenye silabasi, huondolewa mkononi. Hata utunzi umeingiwa na hesabu: makala hii itasaidia kupandishwa cheo au la, hadithi hii itaingia kwenye mkusanyiko wa shule au la. Hesabu hizo si haramu. Ila katika idara yenye wahadhiri kumi wanaofundisha ushairi, inafaa kuuliza ni wangapi huandika tungo ambazo wanajua hazitachapishwa, na ni wangapi wangekubali kuzisoma mbele ya wanafunzi wao zikiwa na mizani iliyopelea. Booth alikuwa na jina kubwa la kulilinda, na bado alikubali kuketi na watu walioweza kusikia kila sauti yake iliyopotoka. Alifariki Oktoba 2005, akiwa na umri wa miaka 84.