Hisani ya Mshindi na Haki ya Raia

Mwalimu wa historia katika wilaya za Kibaha na Kisarawe hufundisha darasa ambalo akina Juma na akina Yohana huketi dawati moja. Siku anapofikia habari za dola za Kiislamu za zama za kati, hapana budi ajiandae kwa swali moja: je, dini ile ilienezwa kwa upanga? Wako wanaojibu ndiyo kwa haraka, na wako wanaojibu la kwa haraka ile ile. Majibu yote mawili ni kasumba. La kwanza lilipikwa na wakoloni waliotaka kujitakasa. La pili hupikwa na wale wanaotaka historia iwe kasida ya kuwasifu mababu.

Kuteka nchi ni jambo moja, na kuwasilimisha watu wake ni jambo jingine. Jerusalem ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Khalifa Omar mnamo mwaka 638, Wakristo waliachiwa makanisa yao, na huko Misri na Shamu Wakristo waliendelea kuwa wengi kwa karne kadhaa. Watawala hawakuwa na haraka. Asiyekuwa Mwislamu alilipa jizya, na hazina iliihitaji jizya hiyo. Katika enzi ya Banu Umayya wako magavana walioendelea kuwatoza kodi hiyo hata watu waliokwisha kusilimu, mpaka Khalifa Omar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kati ya mwaka 717 na 720, alipopiga marufuku dhuluma hiyo. Mtawala anayehuzunika kwa sababu raia wake wameingia katika dini yake hakika hakutumwa na dini. Alitumwa na mfuko.

Yafaa kukiri, bila ya kigugumizi, kwamba kwa vipimo vya nyakati zile utaratibu huo uliwapa wanyonge wengi nafuu kubwa. Huko Cordoba, katika karne ya 10, tabibu Myahudi Hasdai ibn Shaprut alikuwa mtu wa karibu wa Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu. Linganisha na Wapiganaji wa Msalaba, walioingia Jerusalem mwaka 1099 na kuwachinja Waislamu na Wayahudi, au na wafalme Wakatoliki wa Hispania, waliowafukuza Wayahudi mwaka 1492 na kuwafanya wengi wao wakimbilie kwa Sultani wa Waturuki. Lakini Hispania hiyo hiyo ya Waislamu ilishuhudia Wayahudi wa Granada wakiuawa kwa umati mwaka 1066, na karne iliyofuata watawala wa Muwahhidun wakawalazimisha wasio Waislamu kusilimu au kuhama. Hisani ya babu ikafutwa na mjukuu. Mwenye kutoa ndiye mwenye kunyang'anya, na aliyenyang'anywa hakuwa na pa kushitakia.

Mfano wa karibu zaidi uko Kilwa. Pwani hii haikusilimishwa na jeshi lolote. Msikiti uliofukuliwa Shanga, katika visiwa vya Lamu, ni wa karne ya 8, na waliousimamisha walikuwa wafanyabiashara na wenyeji, si askari. Hata hivyo Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, mtu aliyesifiwa kwa ukarimu kwa masharifu na maskini, ambaye pia alikuwa akivamia nchi za Waafrika wasiokuwa Waislamu, kuteka mali, na kutenga sehemu ya tano kama sheria ilivyoagiza. Sheria ilifuatwa katika kugawa ngawira. Waliotekwa hawakuulizwa. Mwaka 1505 Wareno wa Almeida waliuteka mji huo huo wa Kilwa na kuupora, safari hii chini ya msalaba.

Katika vilima vya Pugu, kabla ya msafiri kufika Kisarawe, somo hili lina ushahidi wake. Mwezi Januari mwaka 1889, wakati wa vita vya Bushiri, misheni ya Wabenediktini ilishambuliwa pale. Baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Je, hivyo vilikuwa vita vya dini? Misheni ya Bagamoyo, ya Kikatoliki vile vile, iliyokuwapo tangu mwaka 1868, haikuguswa, na wakimbizi wengi walijisitiri ndani yake. Wale wa Pugu walikuwa Wajerumani waliofika mwaka mmoja tu kabla, sambamba na Kampuni ya Kijerumani iliyokuja kupokonya forodha na bendera. Dini ilikuwa moja, vita vilikuwa vimoja. Kilichotofautiana ni nani alionekana kuwa mnyang'anyi.

Baadaye mizani iligeuka. Waislamu wa Uzaramo walijikuta wakiishi na elimu kama vile dhimmi alivyoishi na dola: shule bora, Minaki ya Waanglikana na Pugu ya Wakatoliki, zilikuwa za wengine, na wazazi wengi waliogopa kwamba bei ya kusoma ingekuwa ubatizo. Wako mapadri waungwana waliowapokea watoto hao bila ya masharti. Uungwana huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa hisani. Ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoziweka shule hizo mikononi mwa umma, iliyolifanya dawati kuwa la raia. Kibaha, iliyoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki wa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi, haikuwa na babu wa kumshukuru wala wa kumwogopa.

Lugha ya mshindi, hata hivyo, haijahama ofisini. Mkuu wa shule au wa idara hutangaza kwamba "amewaruhusu" Waislamu kwenda swala ya Ijumaa, au kwamba "amewavumilia" Wasabato siku ya Jumamosi, na husubiri kushukuriwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imetambua uhuru huo kabla yake. Kilichobaki mezani kwake ni kupanga ratiba.