Mbolea na Ipimwe kwa Udongo, Si kwa Ekari



Kila mwaka meli hushusha katika Bandari ya Dar es Salaam shehena kubwa za mbolea, nyingine kwa ajili ya wakulima wa nchi yetu, nyingine zikielekea Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda na Burundi. Wengi wetu tulio katika parokia za katikati ya jiji hatushiki jembe, lakini fedha zetu hulima. Mbeba mizigo wa Kariakoo humtumia mama yake huko Morogoro fedha ya mfuko mmoja wa urea. Mama lishe hununua mfuko katika duka la pembejeo jirani na soko, akaupakia katika basi. Msimu ukiisha, mara nyingi habari inayorudi kwa simu ni kwamba mahindi ni yale yale ya mwaka jana. Hapo ndipo lawama huanza: mzee hakupalilia kwa wakati, au mwenye duka ameuza mbolea iliyochakachuliwa. Tumeona inafaa tulizungumze jambo hili, kwa kuwa fedha hiyo ni jasho la maskini, na lawama hizo mara nyingi humwangukia asiyehusika.

Huko Marekani na Ulaya, tangu miaka ya 1980 na 1990, wakulima wakubwa walianza kutumia mashine za kumwaga mbolea zinazobadili kiasi zenyewe. Udongo wa shamba hupimwa sehemu kwa sehemu, ramani huchorwa, kisha trekta linaloongozwa na setilaiti huongeza mbolea mahali penye upungufu na kuipunguza mahali palipotosheka. Shabaha ni faida: kila shilingi ya mbolea iangukie mahali itakapozaa. Hata hivyo, wenye mashine hizo wenyewe wamejifunza kwamba hazilipi kila mahali. Shamba likiwa na udongo wa namna moja, gharama ya kupima na kuchora ramani huweza kuimeza faida yote. Hatuwaombi ninyi mnunue trekta la namna hiyo. Wazo lililo ndani yake ndilo tunalolitaka, nalo halihitaji setilaiti.

Tena mashamba yetu madogo yanalihitaji zaidi kuliko yale makubwa. Mkulima wa ekari mbili huwa na udongo wa namna mbili tatu. Karibu na nyumba, mahali majivu na samadi vinapotupwa kila siku, ardhi imenona. Mbali na nyumba imechoka. Watafiti Marenya na Barrett, waliochunguza mashamba ya Vihiga na Nandi Kusini magharibi mwa Kenya, walieleza mwaka 2009 kwamba penye udongo uliokwisha mboji mbolea ya dukani huleta mavuno machache mno, hata isirudishe gharama yake. Mkulima wa namna hiyo akikataa kununua mbolea huitwa mvivu au mjinga, kumbe amepiga hesabu vizuri kuliko wanaomhubiria.

Mfano wa karibu zaidi tunao hapa Morogoro. Watafiti kutoka nje, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipima udongo wa mashamba ya wakulima wadogo wa mahindi, wakampa kila mmoja ushauri wa shamba lake mwenyewe. Mashamba mengi yalionekana kupungukiwa salfa, upungufu ambao urea haiwezi kuuponya. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni na hauna salfa hata chembe. Mfuko wa SA wenye uzito huo huo una naitrojeni kilo 10 na nusu, pamoja na salfa kilo 12. Basi mama wa Morogoro aliyetumiwa mfuko wa pili wa urea huenda alikuwa anamwaga fedha ya mwanawe ardhini. Lakini lipo neno jingine katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, nalo ndilo lililotugusa zaidi. Waliopewa ushauri peke yake hawakuongeza mavuno. Waliopewa hati ya kununulia mbolea peke yake hawakuongeza pia. Walioongeza ni wale waliopewa vyote viwili. Semina bila fedha ni maneno matupu, na ruzuku bila kupima ni kumwaga gizani.

Na yule mwenye duka? Uchunguzi mwingine uliofanyika katika mkoa huo huo, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba wakulima wengi huamini mbolea ya madukani ni mbovu, ilhali ilipopimwa virutubisho vyake vilikuwa sawa karibu yote. Iliyoshika unyevu na kugandamana huonekana mbaya machoni, basi. Hatusemi kwamba hakuna wadanganyifu mjini. Tunasema kwamba kabla ya kumhukumu mtu, ushahidi utafutwe.

Serikali nayo imejitahidi. Ruzuku iliyotangazwa mwaka 2022, bei zilipopanda kwa sababu ya vita ya Ukraine, ilishusha mfuko wa DAP na wa urea hadi shilingi 70,000, na wakulima wakaandikishwa pamoja na ukubwa wa mashamba yao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini daftari linalojua ekari bila kujua udongo litampa kila mtu dawa ile ile, awe na homa au awe amevunjika mguu. Ikiwa taifa limeweza kuwaandikisha wakulima kwa simu, haliwezi kushindwa kuongeza mstari mmoja wa majibu ya udongo. Majibu hayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na yawe mali ya mkulima mwenyewe, yasiwe siri ya kampuni inayomwuzia mbolea.

Wala tusisahau kwamba faida inayopatikana shambani huweza kuporwa sokoni. Wanunuzi wanaodai lumbesa, gunia lililovimba kwa kilemba juu yake, huchukua bure kilo ambazo mkulima alizilipia mbolea. Sheria ya Vipimo inakataza. Baadhi ya wanunuzi hao ni waamini wenzetu, tunasali nao Jumapili, na tungependa wausome ukurasa huu.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waweza kuanza mara moja. Wenye ndugu katika kijiji kimoja wachange gharama ya kupima, kisha sampuli zipelekwe maabara ya udongo ya Sokoine au ya Mlingano, Tanga, miezi miwili kabla ya kupanda, fedha ya mbolea ikingoja majibu. Udongo uchukuliwe kina cha sentimita 20, mahali kama kumi katika kila sehemu ya shamba, uchanganywe katika ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, ubakizwe nusu kilo na kuanikwa kivulini. Ule wa karibu na nyumba usichanganywe na ule wa mbali. Kila mfuko uandikwe jina la mkulima, la kijiji, na zao lililovunwa hapo mara ya mwisho.