Moyo Mgonjwa Haukalishwi Kitini

Ndugu wasomaji, naomba radhi mapema. Nitakayoyasema leo yatawaudhi baadhi yenu, na miongoni mwao wamo wakubwa zangu ninaowaheshimu. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi huku ughaibuni hatufichi maradhi tu, bali tunagawiana na ushauri juu ya maradhi tusiyoyajua.

Mwaka 2019, nikiwa na miaka 51, nilikuwa nikikimbia Jumamosi asubuhi katika bustani ya Cannon Hill hapa Birmingham, katika zile mbio za kilomita 5 ambazo wengi wenu mnazijua kwa jina la parkrun. Kilomita ya tatu nikahisi kifua kinapapatika kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya kapu. Nikasimama, nikashika mshipa wa mkono. Mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, matatu, kimya tena. Mimi ni mhandisi wa umeme, na kazi yangu ni mota na pampu. Nilijua kuwa hii si pampu iliyochoka, ni pampu ambayo umeme wake umepoteza mpangilio. Hospitali wakanithibitishia.

Madaktari huuita ugonjwa huu fibrilesheni ya atria. Mimi nitauita mpapatiko, kwani ndivyo ulivyo. Vyumba viwili vya juu vya moyo, badala ya kujikamua kwa pamoja, hutetemeka ovyo. Damu hutuama, hasa katika kijifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na damu inayotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda ubongoni, hicho ndicho kiharusi. Mwenye mpapatiko ana hatari ya kiharusi takriban mara 5 ya mwenzake asiye nao.

Basi wakaja wageni kunijulia hali. Walikuja kwa mapenzi, na chakula walicholeta sijakisahau. Lakini kila aliyeketi alikuwa na hukumu ile ile. Mzee wetu mmoja akasema: "Mwanangu, moyo una idadi yake ya mapigo. Usiyamalize kwa kukimbizana na Wazungu bustanini." Shemeji akaongeza kuwa viatu vile bora nimpe mtoto. Nami, msomi mwenye shahada ya ng'ambo, nikatii. Nikavigawa viatu, nikakaa.

Nimelifikiria sana neno la yule mzee, na leo namjibu kwa heshima na kwa hesabu. Tuchukue mtu mzima asiye na mazoezi, moyo wake unapiga mara 75 kwa dakika. Kwa siku ni mapigo 108,000. Sasa tumchukue mkimbiaji ambaye moyo wake uliozoea kazi hupiga mara 55 anapopumzika, na anakimbia saa nzima kwa mapigo 140. Saa 23 za mapumziko ni mapigo 75,900, saa ya mbio ni 8,400, jumla 84,300. Hata kama mapigo yangekuwa na idadi, anayeyamaliza mapema ni yule wa kwenye kochi.

Nilikaa miezi 14. Nikaongezeka kilo 11, presha ikapanda, na mpapatiko uliokuwa ukinitembelea mara moja kwa mwezi ukawa mgeni wa mara tatu kwa wiki. Nilipomweleza daktari wangu wa moyo kuwa nimeacha mazoezi ili kupona, alinitazama akaniuliza swali moja: "Nani alikwambia ukae?" Sikuwa na jibu. Hakuna daktari aliyeniambia. Aliyeniambia ni baraza.

Wataalamu wamelipima jambo hili, na matokeo yako wazi. Trondheim, Norway, mwaka 2016 walitoa matokeo ya wagonjwa 51. Nusu yao walifanya mazoezi ya kupandisha na kushusha kasi kwa wiki 12, na muda ambao mioyo yao ilikaa katika mpapatiko ukashuka kutoka asilimia 8.1 hadi 4.8. Adelaide, Australia, wakachukua wagonjwa 120, wengine wakafanya mazoezi miezi 6 chini ya uangalizi, wakipanda polepole hadi dakika 210 kwa wiki. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, baada ya mwaka mmoja ambao mpapatiko haukuwarudia walikuwa asilimia 40 ya waliofanya mazoezi, na asilimia 20 ya wasiofanya. Si muujiza, kwani hata katika waliofanya mazoezi wengi uliwarudia. Lakini mara mbili ni mara mbili.

Na mnaoona haya kuutaja ugonjwa huu, kumbukeni kuwa Mei 1991 Rais George H. W. Bush wa Marekani, akiwa na miaka 66, alishikwa nao akikimbia pale Camp David, na dunia nzima ikatangaziwa. Uchunguzi ukaonyesha chanzo ni tezi ya shingo iliyokuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Akatibiwa, akafa mwaka 2018 akiwa na miaka 94. Angeuficha, nani angeitazama tezi?

Hapa sasa nawageukia wenzangu wa upande wa pili, wanaume wa marathoni, mnaoshangilia tangu niliposema habari za kochi. Msishangilie. Sweden kuna mbio za kuteleza kwenye theluji ziitwazo Vasaloppet, kilomita 90. Watafiti waliwafuatilia washiriki zaidi ya 52,000, na mwaka 2013 wakaeleza kuwa waliomaliza mbio hizo mara 5 au zaidi walikuwa na hatari ya mpapatiko iliyozidi kwa karibu asilimia 30 ile ya waliomaliza mara moja. Mazoezi ni kama chumvi. Chakula bila chumvi hakiliki, na chumvi ikizidi chakula hakiliki pia.

Lakini kosa kubwa la upande huu ni jingine, na mimi mwenyewe nimo. Niliporudi kukimbia nilijisifu. Kila harusi, kila kikao, nilisimulia jinsi mbio zilivyonirudishia moyo wangu. Sahibu yangu mmoja, mwenye mpapatiko, presha na kisukari, alinisikiliza kuliko wote. Akaanza kutembea, kisha kukimbia. Akapungua, akajiona kijana. Na alipojiona mzima akaviacha vidonge vya kuzuia damu isigande, kwani jasho, alisema, ndilo dawa. Hakumwambia daktari, wala mkewe. Wiki ya tisa kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na maneno. Leo nikienda kumtazama ananishika kwa mkono wa kushoto, na jina langu halimtoki.

Sikumwambia aache vidonge. Lakini katika hadithi zangu zote za mbio sikuvitaja hata mara moja, ingawa mimi nilikuwa nikivimeza kila siku. Nusu ya ukweli niliyompa ndiyo aliyoifuata.

Kwa hiyo nasema nusu ya pili leo, kwa sauti. Mazoezi hupunguza mpapatiko, lakini hayaizuii damu isigande. Vidonge vile navyo huzuia damu isigande, lakini havitulizi mpapatiko. Ni kazi mbili, na moja haishiki nafasi ya nyingine. Si kila mwenye mpapatiko anavihitaji. Daktari hupiga hesabu ya umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, magonjwa ya mishipa na kiharusi cha zamani. Ukishaandikiwa, kujisikia mzima si sababu ya kuviacha. Na wanaofunga Ramadhani wazungumze na daktari au mfamasia kabla ya mwezi kuandama, kwani apixaban na dabigatran humezwa mara mbili kwa siku, na rivaroxaban hutaka chakula. Usijipangie mwenyewe kati ya futari na daku.

Atakaye kukimbia akaonane kwanza na daktari wake, aanze kwa kutembea. Ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 uiache kama unatumia dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kwani haikuhusu tena. Hata saa ya mkononi huchanganyikiwa mapigo yakivurugika. Kipimo changu ni mdomo: nikishindwa kumaliza sentensi, napunguza mwendo. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, nasimama, na kisipotulia naita msaada. Nikianguka nikagonga kichwa, naenda hospitali hata kama sioni kidonda, kwa sababu ya vidonge. Na yeyote ukimwona uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yamekwama, usimpigie shangazi simu kuomba ushauri. Piga 999.

Kwa viongozi wa jumuiya zetu nina ombi moja. Siku ya michezo mwaka huu, pembeni ya meza ya pilau, iwekwe meza ya kupima presha na kushika mshipa wa mkono. Dakika moja kwa mtu. Mapigo yasiyo na mpangilio hushikika kwa vidole viwili, na mwenye nayo mara nyingi hajui kama anayo.

Na nyinyi mtakaokwenda kumjulia hali mgonjwa wa moyo, nendeni, pelekeni chakula, kaeni naye. Hukumu mwachieni daktari. Viatu vyake viacheni mlangoni pake, huenda akavihitaji.

Mimi Jumamosi saa tatu asubuhi niko Cannon Hill, karibu na mkia wa msafara, nikitembea penye mlima. Vidonge nimeshameza. Atakaye tufuatane, karibu.