Hongo ya Kupita na Hongo ya Kukataliwa

Kila panapotajwa masharti ambayo nchi za Ulaya ziliwawekea wasafiri wa kwetu wakati wa maradhi ya korona, hutokea mtu wa busara akasema: mwenye nyumba ndiye mwenye mlango. Neno hilo ni la kweli, wala sikusudii kulipinga. Ninachokipinga ni wepesi wetu wa kulipokea kana kwamba limemaliza mazungumzo. Mlango una adabu zake, na adabu hizo hatukufunzwa na Ulaya. Njia ya bara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuishia Ujiji, ilikuwa na milango yake tele, na waliolalamika juu ya milango hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa Wazungu.

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na kwa mfasiri neno hongo ni neno lililopatwa na msiba. Mwambie kijana wa leo hongo, atafahamu rushwa, fedha inayopita chini ya meza. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa ni jina la ushuru uliotolewa mchana, mbele za watu, kwa mtemi wa nchi inayopitwa. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu yake. Wameuita unyang'anyi, uombaji, ushenzi. Na sisi tuliosoma historia yetu katika vitabu hivyo tumeimeza hukumu pamoja na khabari.

Waama, hongo ilikuwa na sababu yake. Katika Ugogo maji ni haba. Msafara wa mamia ya watu ukifika kisimani wakati wa kiangazi hunywa maji ambayo wenyeji wameyachimba kwa mikono yao, na ambayo ng'ombe wao wanayategemea mpaka mvua inyeshe. Basi mtemi alidai doti za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mkuu wa msafara alitaka apunguziwe, wajumbe wakaenda na kurudi, siku mbili tatu zikapita, watu wakaghadhibika. Walikuwako watemi wenye tamaa, nani atakataa? Lakini liko jambo moja ambalo hata manung'uniko ya wasafiri hayakuweza kulificha: aliyelipa alipita. Alipita, akanywa, na wanawake wakamletea mtama na kuku wa kununua.

Atazamwe Stanley. Aliwasili Unyanyembe mwezi wa Juni 1871 akimtafuta Livingstone. Haukupita muda njia ya Ujiji ikafungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa na ugomvi na matajiri wa Kiarabu wa Tabora. Mgeni huyu hakuuliza ugomvi una asili gani. Alichukua bunduki zake akaingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, na mwezi wa Agosti watu wa Mirambo wakaingia Tabora na kuichoma moto. Ndipo akazunguka kwa kusini. Alipofika Uha, baada ya kulipa hongo na kuambiwa kuwa mbele wako wadai wengine, alimkodi kiongozi wa kuwapitisha usiku, kimya kimya, nje ya njia, ili wasionekane. Yote haya ameyaandika mwenyewe katika kitabu chake, bila ya haya. Leo mtu anayemkwepa mlinzi wa mpaka usiku, nyuma ya kiongozi wa kukodi, magazeti ya Ulaya yana jina lake, nalo si zuri. Yule wa 1871 aliitwa shujaa, na mwaka 1899 Malkia wa Uingereza akampa heshima ya kuitwa Sir.

Sasa tuje kwa Uingereza hiyo hiyo, miaka mia na hamsini baadaye. Tarehe 22 Januari 2021 ilipiga marufuku wasafiri wanaotoka Tanzania na Kongo ya Kinshasa, kwa hofu ya aina mpya ya kirusi iliyogunduliwa Afrika Kusini. Hofu ya maradhi si dhambi. Lakini someni sharti lenyewe. Aliyekuwa raia wa Uingereza au wa Ireland, au mwenye haki ya kuishi huko, aliruhusiwa kuingia kisha akajitenga siku kumi. Asiyekuwa na haki hiyo alikataliwa. Huenda wawili hao waliamkia hoteli moja ya Nungwi, wakala meza moja, wakapigiana chafya bega kwa bega mpaka uwanja wa ndege. Kirusi kilichomo puani mwa mmoja kilipewa siku kumi za kutafakari, na kilichomo puani mwa mwenzake kikarudishwa kwao. Hii si sheria ya tiba, maana tabibu hutazama pua. Hii ilitazama pasi.

Mtu atanijibu kuwa Tanzania ilijitakia. Na hapa sitaki kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa: tangu Mei 2020 serikali yetu iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa, ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka, na chanjo haikuanza kutolewa mpaka mwisho wa Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani. Jirani ana haki ya kuihofu nyumba isiyosema nani anaumwa ndani. Wakati huo huo ndege za watalii kutoka Ulaya zilikuwa zikitua hapa Unguja, watu wakishuka na kwenda zao ufukweni, wala hatukuwauliza lolote. Ukimya ule ulikuwa aibu yetu, na walioulipia ni wale waliozikwa usiku usiku.

Lakini Kenya haikunyamaza. Kenya ilitangaza hesabu zake siku kwa siku, ikafunga, ikafungua, ikapima, na bado Aprili 2021 ikatiwa katika ile orodha nyekundu. Mwezi wa Julai Uingereza ikatangaza kuwapa Wakenya dozi 817,000 za chanjo ya AstraZeneca, na shukrani zikatolewa. Kisha, Septemba, ukatangazwa mpango mpya wa wasafiri waliochanjwa, na katika nchi ambazo vyeti vyao vingekubaliwa kuanzia tarehe 4 Oktoba haikuwamo hata moja ya Afrika. Alhasil, Mkenya aliyechanjwa kwa dawa iliyotolewa na Waingereza, dawa ile ile waliyochanjwa nayo Waingereza wenyewe kwa mamilioni, alihesabiwa mlangoni kwao kuwa mtu asiyechanjwa. Kelele zilipozidi, katika mwezi huo huo wa Oktoba kosa likaanza kusahihishwa. Ikaelezwa kuwa lilikuwa suala la vyeti. Naam, la vyeti: dawa tunaiamini kwa sababu ni yetu, karatasi hatuiamini kwa sababu ni yenu.

Umoja wa Ulaya nao haukuwa mbali na hapo. Cheti chake kilichoanza Julai 2021 kiliitambua AstraZeneca iliyoidhinishwa Ulaya, na ile iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield, ambayo ndiyo iliyogawiwa nchi nyingi za Afrika, ikaachiwa kila nchi iamue yenyewe.

Na tukitaka kuhesabu maradhi yaliyovuka mipaka bila ya cheti, daftari letu ni refu. Funza alishushwa Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, akaingia katika nyayo za wapagazi, akavuka bara zima kwa njia za misafara mpaka akafika pwani yetu kabla karne haijesha. Sotoka ililetwa pembe ya Afrika na ng'ombe wa jeshi la Italia, na katika miaka michache tu ikawafuta ng'ombe wa Wagogo na Wamasai, watu wakafa njaa. Hakuna aliyeiandikia Italia orodha nyekundu.

Liko sharti moja la maiti ambalo nalikumbuka kila ninaposoma khabari za mipaka. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao walikuwa wakiuchukua mwili wa Livingstone kwenda pwani. Walipopita Unyanyembe, mbele kidogo, pale Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Walikuwa na haki hiyo. Ilikuwa mila yao, na ilimhusu kila mtu, mwenyeji na mgeni. Wachukuzi wakafunga furushi la uwongo la mabua ya mtama, wakalirudisha kana kwamba wanakwenda kulizika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Robota likafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili lilizikwa Westminster Abbey. Jacob Wainwright alipelekwa pamoja na jeneza. Susi na Chuma, waliolibeba jina la mtu huyo miezi tisa, walifika Uingereza baada ya mazishi, walipopatikana wa kuwalipia nauli.

Basi sidai mlango uachwe wazi. Mei 2021 Tanzania nayo ilidai cheti cha kipimo cha ndani ya saa 72, na ilimdai kila anayeingia bila ya kutazama rangi ya pasi yake. Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya dola 44 kwa kila mgeni kutoka nje. Wako wanaonung'unika, lakini anayelipa anaingia. Hiyo ni hongo kwa maana yake ya kale. Mwaka 2024 ombi la viza ya matembezi ya Uingereza lilikuwa pauni 115, na anayekataliwa harudishiwi hata senti. Mtemi wa Ugogo aliyepokea nguo kisha akaufukuza msafara asingepata msafara wa pili. Wenye viza wanajua kuwa sisi tutarudi, tutapanga foleni, tutalipa tena. Tudai mambo mawili: sharti la maradhi litazame mgonjwa, na ada ya aliyekataliwa irudishwe. Hayo serikali zetu zinaweza kuyasema mezani kesho asubuhi, nazo zinatoa viza kwa Mwingereza papo hapo uwanjani, kwa dola 50, ili aende Kwihara kuitazama nyumba aliyokaa Livingstone.